Vikaragosi vya Maji Kwenye Jumba la Suruali

Bango lilibandikwa ndani ya lifti, mahali ambapo mtu hana la kufanya ila kusoma. Lilikuwa jekundu, na maandishi yake ya Kichina yalijaza nafasi yote. Kiingereza kilibanwa chini, nacho kilikuwa kimevunjikavunjika. Lilitangaza kwamba jumba letu la nguo za jumla, pale Zhanqian Road, karibuni litakuwa na maonyesho ya sanaa ya Vietnam: picha, ngoma, na vikaragosi vinavyocheza juu ya maji. Pembeni kulikuwa na picha ya wazee waliosimama ndani ya bwawa, maji kiunoni, wameinamisha vichwa kwa adabu. Nilisoma mara moja nikasonya.

Nilikuwa na haki ya kusonya. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, kazi yangu lesi na vitambaa vyeusi vya mabuibui, na miaka ile nilikuwa nikikaa Guangzhou miezi kwa miezi, nikipanga chumba nyuma ya barabara hiyohiyo. Niliyajua yale majumba. Kila wiki lilifunguliwa jipya, na kila jipya lilijitia kuwa kubwa kuliko lililotangulia. Jumba la mkabala wetu lilikuwa limeleta wachezaji wa Kirusi wenye manyoya kichwani, wakarusha miguu juu siku nzima mlangoni, na wanunuzi wote wakavuka barabara kwenda kuwatazama. Tangu siku hiyo meneja wetu hakutulia. Alikuwa mtu wa suruali. Suruali alizijua, hilo simnyimi, lakini sasa alitaka utamaduni, na neno hilo alilitamka kwa tahadhari, kama mtu anayetafuna samaki akihofia miiba. Wavietnamu aliwapata kwa sababu ndugu yake aliishi karibu na mpaka na aliwajua watu waliowajua. Angekuwa na ndugu karibu na mpaka mwingine, tungeletewa ngamia.

Siku ile ndani ya lifti nilikuwa na mwanamke mmoja niliyezoeana naye. Alikuwa na duka dogo la zipu na vifungo ghorofa ya chini, na mimi nilikuwa mteja wake. Mvietnamu, ameolewa na mwanamume wa palepale Guangzhou, ana watoto wawili. Aliniita jie, yaani dada mkubwa, kama wauzaji wote walivyotuita, ila yeye alilisema bila kuniuzia kitu. Tulizungumza kwa Kichina cha sokoni, chake kizuri na changu cha kubomoabomoa. Alikuwa ameweka kidole chake juu ya bango, juu ya mzee mmoja mdogo wa mwili aliyekuwa pembeni mwa wenzake.

"Huyu ni baba yangu," akasema.

Lifti ilifunguka, watu wakashuka na wengine wakapanda na mafurushi yao, na yeye hakuondoa kidole.

Baadaye, dukani kwake, alinieleza. Baba yake hakuwa amekanyaga nyumbani kwake tangu aolewe. Harusini hakuja. Wajukuu hawajui kwa sura. Hakumlaani wala hakumtukana, alisema tu kwamba binti aliyevuka mpaka amevuka, basi, akarudi kwenye vikaragosi vyake. Mwanamke huyu hakutaka kuombwa radhi na hakutaka sherehe. Alitaka kitu kimoja: baba yake akae mezani kwake ale chakula alichopika yeye. Mara moja tu, alisema, kisha arudi kwao akitaka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mtu wa namna hiyo mimi nisingempikia hata chai."

Alicheka kidogo akaendelea kupanga zipu zake kwa rangi. Ndipo aliponieleza habari nyingine, ambayo iliniudhi zaidi. Kijijini kwao wanaocheza vikaragosi ni kundi la familia chache, na jinsi vinavyochezwa ni siri. Wachezaji hujificha nyuma ya pazia la mianzi, miguu ndani ya maji, na mtazamaji haoni mkono wala kamba. Siri hiyo hufundishwa wana wa kiume. Mabinti hawafundishwi, kwa kuwa binti ataolewa kijiji kingine na kuhama nayo. Yeye alizaliwa katika nyumba iliyojaa vikaragosi, akavifuta vumbi, akavianika juani, na hajawahi hata siku moja kuvuka kwenda nyuma ya lile pazia.

"Hata kuchungulia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakaa mbele," akasema. "Baba alisema mbele ndipo pahali pangu. Michezo yote naijua kwa mbele."

Nilibinua mdomo. Siri ya vinyago vya mbao! Watu wanazaa mabinti, mabinti wanawafulia na kuwapikia, halafu wanawaogopa kama wezi. Nilimwambia maneno hayo waziwazi, kwa Kichina changu kibovu, naye akasema hajakasirika ila nisiseme hivyo tena.

Basi tukangoja. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye bango. Ilipokaribia, mtu alikuja na kipande cha karatasi akaifunika kwa tarehe nyingine. Hiyo nayo ikafunikwa. Kila mara meneja alisema utamaduni uko njiani. Na kila mara yule mwanamke alikwenda sokoni alfajiri kununua samaki, kwa sababu chakula alichokusudia kupika kilikuwa samaki wa chungu wa kwao, anayewekwa tangawizi na khulinjani na sukari iliyounguzwa, akaachwa juu ya moto mdogo tangu asubuhi mpaka mifupa ilainike. Hakipikwi kwa haraka. Tarehe ikisogezwa, samaki yule tulimla sisi, mimi na majirani zake wa dukani, na nilimla kwa hasira maana alikuwa mtamu sana.

Wakati huo meneja alijipatia mshauri wa sanaa. Alikuwa mfanyabiashara mwenzetu, Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa mikoba. Wiki nzima huwa Shiling, kule mji wa ngozi, akipekua mabegi, na Jumamosi hurudi mjini na kofia ya kulazwa upande. Alikuwa amesomeshwa Kifaransa na mapadri na hakumsamehe yeyote asiyejua jambo hilo. Kazi aliyopewa ilikuwa kutukusanya sisi Waafrika tujaze viti, ili wapiga picha waone kwamba utamaduni umehudhuriwa na mataifa. Kichwa kikamvimba. Alianza kuvaa skafu, katika joto la Guangzhou, ambalo linaloanisha shati la mtu aliyesimama tu.

Picha zilifika kwanza, zikatundikwa ghorofa ya juu katikati ya midoli iliyovishwa jinzi. Zilikuwa za mbao, zimepakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka, kisha zikasuguliwa mpaka zikang'aa, na palipohitajika weupe palibandikwa vipande vidogovidogo vya maganda ya mayai. Kulikuwa na mashamba, bata, wanawake waliovaa kofia za makuti. Mshauri wa sanaa alitutembeza.

"Mama, angalia lumière," akaniambia. "Ile mwangaza inatokaka ndani. Njo art yenyewe."

Nilikwaruza kona kwa ukucha kuona kama rangi inatoka. Haikutoka. Nilipogeuka, niliona kwamba kila mwenzangu alikuwa anakwaruza ya kwake, na Mkenya mmoja wa Nairobi, muuzaji wa jinzi za Eastleigh, alikuwa ameiteremsha picha yake ukutani na kuipindua atazame mgongo.

"Finishing ya nyuma iko sawa," akasema. "Hawa watu si wa mchezo."

Ndivyo tulivyo, na sioni sababu ya kutuficha. Biashara hii imetufundisha kutoamini uso wa kitu. Begi likiwekwa mezani, hatutazami rangi wala bizimu. Tunatia mkono ndani, tunavuta bitana, tunaligeuza nje ndani tuone mshono. Shati tunalishika kwenye kwapa. Kiatu tunakikunja. Aliyependa uso wa mali peke yake alifika kwao na kontena la takataka, na sote tulimjua mtu wa namna hiyo na kumcheka. Mshauri wa sanaa alituita washenzi, kwa Kifaransa, huku mwenyewe akipapasa pembe ya fremu kama imegundishwa au imepigiliwa misumari.

Hatimaye kundi likafika kweli, kwa basi. Wazee wamechoka, masanduku ya mbao yamefungwa kamba. Meneja alitoka kuwapokea na ua la plastiki kwenye koti, akafungua kinywa, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuna mtu wa kumtafsiria. Maandalizi yote yale, hakulifikiria. Akaitwa muuza zipu. Nilikuwapo. Alitoka dukani kwake akifuta mikono, nywele amezifunga upya, akasimama mbele ya baba yake na kuinama. Mzee alimtazama. Kisha akasema maneno machache, naye akamgeukia meneja akayatafsiri.

Nilimvuta pembeni. "Amekwambia nini?"

"Ameuliza maji ya bwawa yanatoka wapi."

"Na watoto? Hakuuliza watoto?"

"Ameuliza na kina chake."

Siku hiyo nilimdharau yule mzee kuliko meneja, na meneja nilikuwa nimemdharau vya kutosha. Binti alimwambia chakula kipo tayari nyumbani, karibu tu hapo, mwendo mfupi. Mzee akajibu kwamba kundi linakula pamoja hotelini, na kwamba mchezo ukiisha basi linaondoka. Alimjibu kwa upole, eti. Upole wa namna hiyo mtu anaweza kuuweka mfukoni akaondoka nao.

Mchezo ulifanywa mchana wa siku ya pili, ghorofa ya chini, kwenye uwazi ulio kati ya ngazi za umeme. Walijaza bwawa la plastiki la buluu. Wazee walisimamisha kibanda chao upande mmoja: juu paa la turubai lililochorwa vigae, mbele pazia la mianzi lililoshuka mpaka kwenye maji, nyuma kitambaa cheusi cha kufunika. Sisi tukaketishwa mbele kwenye viti vyekundu. Mshauri wa sanaa alikaa safu ya kwanza na skafu yake. Muuza zipu alikaa kiti cha pembeni, karibu na duka lake, maana duka alikuwa hajalifunga. Alinong'ona kwamba samaki yuko jikoni tangu alfajiri. Nikamwambia namjua huyo samaki, tutamla sisi. Nilisema kumtania, lakini uso wake ulinyong'onyea nikatamani nisingesema.

Meneja alitoa hotuba ndefu juu ya urafiki wa mataifa na punguzo la bei ghorofa ya tatu. Kisha ngoma ikalia.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nasema kweli, nilikuwa nimekwishatunga maneno ya kwenda kuwachekeshea watu Mombasa. Lakini kikatoka kikaragosi cha mwanamume mnene wa mbao, tumbo wazi, akaja juu ya maji peke yake, akageuka, akatusalimu kwa mikono miwili, na hakukuwa na kitu nyuma yake wala juu yake. Bata wakatoka wakikimbizwa na mbweha, mbweha akapanda mti. Joka likazama upande mmoja likaibuka upande mwingine, likatutemea maji, na safu ya kwanza yote ikalowa pamoja na skafu ya mshauri. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na nilichukia kucheka.

Mtu wa Eastleigh ndiye aliyeharibu. Aliinamia sikio langu.

"Aunty, hiyo kitu lazima iko na motor."

"Haina motor."

"Umejuaje? Umeona ndani?" Akasimama. "Siwezi kaa hapa kama sijui inaendeshwa na nini. Wacha nicheki huko nyuma."

Akaondoka, akazunguka bwawa. Mwingine akamfuata. Tukawa tunatazama wanaokwenda badala ya kutazama joka, na kila aliyekwenda hakurudi, kwa hiyo ni dhahiri huko nyuma kulikuwa na kitu. Safu ya pili ikainuka, wauza duka wakaacha meza zao. Mshauri wa sanaa alisimama na kusema kwa sauti kubwa kwamba ule ni ukosefu wa civilisation, kisha akaenda na kamera yake. Na mimi nikaenda. Nilitaka kuona mshono.

Ungetegemea mwenye jumba atuzuie. Meneja alikuja mbio, akaona umati uko nyuma ya kibanda, na umati ndio kitu alichokuwa akikitafuta maisha yake yote. Akakishika kile kitambaa cheusi akakiinua chote, akakitupia juu ya paa kama mtu anayefungua duka asubuhi.

"Kan, kan," akasema akitabasamu. Tazameni, tazameni.

Tukatazama. Wazee walikuwa wamesimama ndani ya maji, wamevaa suruali za mpira za kufika kifuani, migongo yao kwetu. Kila mmoja ameshika mwanzi mrefu unaopita chini ya pazia, na kwenye ncha yake, mbele huko, kikaragosi. Usukani mdogo wa mbao, kamba chache. Basi.

"Ni hiyo tu?" akasema mtu wa Eastleigh.

Ni hiyo tu. Kwa mti na kamba, baba alikuwa amemweka binti yake mlangoni tangu azaliwe, na sasa wauza jinzi walikuwa wanaitazama bure na hawakupendezwa. Mmoja aliuliza kama kiwanda kinaweza kuitengeneza kwa plastiki. Kamera ya mshauri ilikuwa ikimulika. Wazee waligeuza vichwa wakatuona, wakarudisha macho kwenye maji. Mmoja alijaribu kuendelea lakini bata wake walikuwa wamegongana. Yule mzee mdogo, baba yake, alishusha mwanzi, na kwa upande ule mwingine joka lazima lililala juu ya maji, maana ngoma ilinyamaza.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo kwa mbele mtu halijui. Lile pazia, anayekaa mbele haoni nyuma, lakini aliye nyuma huona mbele. Nilisimama karibu na bega la mzee, na kupitia nafasi za mianzi niliona alichokuwa akikiona yeye: viti vyekundu, safu kwa safu, vitupu, vingine vimeangushwa. Na kwenye kiti cha pembeni, karibu na duka la zipu, mtu mmoja. Amekaa wima, mikono mapajani, anatazama mbele. Hakugeuza shingo kutufuata. Mlango ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na yeye peke yake hakuingia.

Mzee alisema neno kupitia pazia, si kwa sauti kubwa.

Kutoka mbele binti yake alijibu, neno fupi, kama mtu anayeitika akiitwa.

Sikujua Kivietnamu na sikuhitaji. Mzee aliinua mwanzi wake, akawaambia wenzake kitu, na ngoma ikaanza tena. Walianza mwanzo kabisa, yule mnene wa tumbo wazi, salamu na yote. Hawakututazama tena. Wenzangu walichoka upesi, kwani walikuwa wameshaona kilichomo ndani, wakatawanyika kwenda kwenye mambo yao, mtu wa Eastleigh akasema afadhali Warusi. Mimi nilibaki palepale nyuma, miguu ndani ya maji yaliyomwagika, kwa sababu nilishindwa kutembea mbele ya macho ya yule mwanamke. Wazee watu wazima, jasho linawachuruzika ndani ya mpira, walicheza mchezo mzima kwa kiti kimoja. Mbweha alipopanda mti nilimsikia binti akicheka, kicheko cha mtoto anayejua kinachofuata.

Ulipoisha mzee alitoka majini. Hakuvua hata suruali ya mpira. Alizunguka bwawa akiacha michirizi ya maji sakafuni, akasimama mbele ya kiti cha binti yake, na akazungumza. Maneno machache tena. Mwanamke akainuka, akaenda dukani kwake, akaanza kuteremsha mlango wa chuma, mchana wa biashara, wateja wawili wakiwa bado wameshika vifungo.

Nilimwendea mbio. "Anataka nini tena? Kina cha maji?"

Alinitia kufuli mkononi nimfungie.

"Ameuliza kama nimepika," akasema.

Wakaondoka kwa mlango wa upande, yeye mbele akionyesha njia, mzee nyuma na mpira wake ukipigapiga kila hatua. Meneja alikuwa ameshika kipaza sauti, anataka kuwashukuru wageni wa utamaduni, anamtafuta mfasiri wake. Aliniona nimesimama na kufuli mkononi, akaniuliza yuko wapi. Miaka yote ile, kila duka Guangzhou, kila nilipotaka kitu ambacho hawakutaka kuniuzia, walinitazama juu chini wakaniambia neno moja.

"Mei you, laoban," nikamwambia. Hakuna, bosi.